Kutoka Tao Hadi Thika: Venye Usiku wa LGBTQ Umehama Miaka Nenda, Miaka Rudi

Panda nganya pale tao Ijumaa usiku, shuka Ruiru ama Thika, na njiani utapita sherehe nyingi kuliko steji. Roysambu inawaka. Wendani makomredi wamejaa barabarani. Kamakis moshi wa nyama choma umefunika Bypass. Wa mugithi wako na base yao, wa rhumba wako na yao, na watoto wa arbantone hao hawaulizi hata mlango uko wapi.

Sasa swali ambalo watu hubonga kwa sauti ya chini: wasee wa LGBTQ, base yao iko wapi?

Jibu fupi ni kwamba haina bango, na imehama mara kadhaa. Jibu refu ndio hii stori unasoma. Tutakupitisha kutoka enzi za reli mpaka enzi za apu, ujue ni nini ilisukuma watu kutoka wapi kwenda wapi. Kitu kimoja tukubaliane mapema: hatutataja baa, ploti wala mtaa ambapo watu hukutana leo. Ukifika huko chini utaelewa sababu.

Kuhusu majina pia. Mtaani neno linalotumika sana ni "shoga", na mara nyingi linatupwa kama jiwe. Lakini kule Mombasa wanawake wanaitana shoga wakimaanisha beshte wa karibu, hakuna ubaya. Wapo pia wanaojiita "kuchu", neno lililovuka mpaka kutoka Uganda. Hapa tutasema LGBTQ ama wapenzi wa jinsia moja, tusonge.

KWANZA, ANGALIA MAJUU

Ukiskia "mtaa wa mashoga" kwa filamu, wanamaanisha kitu kama Castro kule San Francisco, Greenwich Village ya New York ama Soho ya London. Mitaa hiyo haikupangwa na serikali. Watu waliofukuzwa kwao ama kuchoka kujificha walitafuta mahali renti iko chini na majirani hawaulizi maswali, wakafungua baa, wakazoeana. Baa ilikuwa kila kitu. Ndani yake ulipata mpenzi, kazi, wakili na mtu wa kukuzika.

Polisi nao walijua hivyo. Tarehe 28 Juni 1969 walivamia baa inaitwa Stonewall Inn pale Greenwich Village, na safari hiyo wateja wakakataa kutawanyika. Vurugu ikaendelea siku kadhaa, na ndio maana Juni imekuwa mwezi wa Pride duniani. Kule Castro, watu walikuwa wengi kiasi cha kuhesabika kwa kura: 1977 wakamchagua Harvey Milk kuingia bodi ya jiji. Mwaka uliofuata, Novemba 1978, akapigwa risasi ofisini.

Halafu mambo yakageuka. Mitaa ikapendeza, matajiri wakahamia, renti ikapanda, baa zikashindwa. Simu nazo zikafanya mtu asihitaji kaunta ya baa ili apate mpenzi. Watafiti wa University College London walihesabu kumbi za LGBTQ jijini London: 2006 zilikuwa 125, 2017 zimebaki 53. Hiyo ni zaidi ya nusu imepotea kwa miaka 11, na sheria za huko zilikuwa zinalegea, si kukaza.

Kwa hivyo kuna nguvu nne zinazohamisha usiku wa watu: renti, usafiri, simu na sheria. Ziweke kwa akili. Za kwetu ni hizo hizo, ila zimechanganywa tofauti.

THIKA YA RELI NA VIWANDA

Thika ilianza kama mahali pa kupumzika safarini. Blue Post Hotel imekuwa pale kati ya maporomoko ya Chania na Thika tangu 1908. Reli ikafika 1913. Baadaye zikaja nguo, ngozi, mikebe, na mashamba ya mananasi ya Del Monte ambayo mpaka leo ukipita unanusa. Mji wa viwanda huleta vijana wanaokuja pekee yao, bila mama wala shangazi wa kuwachunga, wanalala singo zilizopangwa mstari mmoja, choo kimoja na bafu moja kwa ploti nzima.

Sheria iliwatangulia. Penal Code ambayo bado tunatumia ni ya mkoloni, 1930. Kifungu cha 162 kinazungumzia tendo "kinyume na maumbile" na kifungo chake ni mpaka miaka 14. Cha 165 kinahusu wanaume kwa wanaume, miaka 5. Kumbuka kitu kimoja ambacho hata makarao husahau: sheria hiyo inazungumzia tendo. Haisemi ni kosa kuwa LGBTQ, kuvaa unavyovaa, ama kukaa meza moja na mtu.

Kwa ploti ya choo kimoja hakuna siri. Kila mtu anajua umeingia na nani na ametoka saa ngapi. Mtu wa Thika aliyetaka kuishi alivyo, alitafuta gari la kwenda Nairobi.

Na eneo hili lilikuwa na vijana kama hao. Binyavanga Wainaina, mwandishi aliyezaliwa Nakuru na baadaye akashinda tuzo ya Caine 2002, alisomea Mang'u High School, hapa tu nje ya Thika. Alikaa na stori yake mpaka Januari 2014 ndipo akajitokeza hadharani kupitia maandishi, akimwandikia marehemu mamake. Alikuwa amefika karibu miaka 43.

ENZI ZA TAO NA WESTLANDS

Miaka ya 1990 na 2000, usiku wa LGBTQ wa Kenya ulikuwa wa Nairobi, na kwa upande wake, wa Pwani. Hata Nairobi hakukuwa na mtaa. Kulikuwa na baa za kawaida ambazo wenyewe waliamua kutojali. Inayokumbukwa sana ni Gipsy ya Westlands, ambayo hata vitabu vya kuongoza watalii viliitaja kama mahali pa kila aina ya mtu. Wafanyakazi wa mashirika, wageni, wasanii, machali wa mtaa: wote humo.

Angalia ni nani angefika huko. Westlands bia haikuwa ya mtu wa kiwanda. Na barabara ya Thika ya wakati huo ilikuwa ndoto mbaya: jioni ungekaa kwa jam masaa mawili na bado uko Githurai. Ukitoka Ruiru kwenda kudunda, ulikuwa na maamuzi mawili. Utoke mapema kabla sherehe haijaanza, ushike gari la mwisho, ama ukae mpaka asubuhi, uende kazini na nguo za jana. Usiku ulikuwa wa mwenye gari, ama mwenye beshte na keja Nairobi.

2006 mashirika madogo yaliungana yakaunda GALCK, muungano wa kwanza mkubwa wa LGBTQ nchini. Sasa kulikuwa na mahali pa kukutana mchana, na chai, si pombe. Lakini hiyo pia ilikuwa Nairobi.

2009: MWAKA ULIOGEUZA KILA KITU

Ukitaka kujua ni lini usiku ulianza kuhama, shika mwaka 2009. Vitu vitatu vilitokea.

Kwanza, tingatinga za Wachina zilianza kuchimba Thika Road. Pili, nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na bei ya bando ikaanza kushuka. Tatu, kule Marekani apu inaitwa Grindr ilizinduliwa, inayoonyesha ni nani yuko karibu nawe kwa mita.

Novemba 2012 Rais Kibaki akafungua Superhighway, kama kilomita 50 kutoka Nairobi mpaka Thika. Safari ya masaa mawili ikawa chini ya saa moja. Mashamba ya kahawa yakageuka kuwa nyumba za ghorofa. Linganisha sensa mbili: 2009 Ruiru ilikuwa na watu karibu 239,000, 2019 wakawa 490,120. Mji uliongezeka mara mbili kwa miaka kumi. Thika nayo ikafika 251,407.

Wengi wa hao walikuwa vijana waliofukuzwa na renti ya Nairobi, plus makomredi: JKUAT iko Juja, Kenyatta University iko Kahawa, Mount Kenya University ilipata hati yake 2011 pale Thika, na Zetech ikajenga Ruiru.

Hapa ndio kuna siri ambayo watu wa mipango ya miji hawaandiki. Kitu kilichobadilisha maisha ya LGBTQ upande huu hakikuwa klabu. Ilikuwa bedsita. Kwa mara ya kwanza kijana wa mshahara mdogo angeweza kukodi chumba chenye choo ndani, maji ndani na mlango mmoja wenye ufunguo wake. Kwa ghorofa ya nyumba 60, jirani hajui jina lako, na kama kuna mtu anajali ni keateka tu, naye anajali zaidi tarehe tano.

Tena serikali ikasaidia bila kujua. Sheria ya pombe ya 2010, ile tunaita ya Mututho, iliamuru baa zifungue saa kumi na moja jioni na kufunga saa tano usiku. Karao wakapata sababu ya kuingia baa na kubeba watu. Wasee wote wakajifunza kununua kinywaji mapema na kumalizia kejani. Kwa mtu wa LGBTQ, ambaye kubebwa na karao kunaweza kumaliza na simu kwa wazazi wake, keja ilikuwa tayari jibu zuri kuliko baa.

KIAMBU ILIKUWA NA MGOMBEA

Hii wengi wenu hamkumbuki. Kuelekea uchaguzi wa 2013, wa kwanza chini ya kaunti, David Kuria Mbote alitangaza anataka kiti cha seneta wa Kiambu, kaunti yenye Thika na Ruiru ndani yake. Alikuwa amewahi kuongoza GALCK na hakuficha yeye ni nani. Hakuna mtu mwingine Kenya aliyekuwa amejaribu hivyo kabla yake. Alijiondoa kabla ya kura, na kiti kikachukuliwa na Kimani Wamatangi, ambaye leo ni gavana.

Kujitokeza kwake kulikuwa kwa mchana, kwa mikutano, mbele ya wazee wa kijiji. Linganisha na kilichotokea Thika kipindi hicho. Polisi walimkamata mtu mmoja aliyebadili jinsia, wakamvua nguo mbele ya wanahabari ili "kuthibitisha" yeye ni nini. Picha zikasambaa. Mhusika alienda korti, na High Court ikasema utu wake ulivunjwa, alipwe fidia. Jina lake hatuliandiki hapa. Alipigwa picha ya kutosha. Kaunti ni moja na kipindi ni kile kile. Mtu yeyote wa LGBTQ aliyekuwa Thika wakati huo aliona zote mbili, akaamua ni kwa kiasi gani atajionyesha.

2014 HADI 2019: JOTO

2014 ilianza na Binyavanga. Februari Museveni akatia sahihi sheria kali Uganda, na ingawa korti yao iliifuta Agosti, mamia ya Waganda walikuwa wameshavuka wakija Kenya kuomba hifadhi. Wengine walienda kambini Kakuma, wengine wakabaki mitaa ya bei rahisi kuzunguka Nairobi. Julai mwaka huo huo polisi walivamia kumbi za burudani Nairobi wakisaka mashoga, wakabeba makumi ya watu kwa usiku mmoja. Sasa baa iliyojulikana ilikuwa shabaha. Kadiri jina la mahali lilivyojulikana, ndivyo lilivyokuwa hatari.

Julai 2015 Obama alikuja, akabonga kuhusu haki za LGBTQ, na Rais Uhuru, jirani yetu wa Gatundu, akasema kwa Wakenya hilo si jambo la kujadili. Mwezi huo huo akaamuru vita dhidi ya pombe mbaya, na Central nzima ikashuhudia baa zikivunjwa. Vibanda vingi vya pombe upande wa Thika vilifungwa, vikiwemo vile vya pembeni ambavyo mwenyewe hajali mteja ni nani mradi analipa.

2018 filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, stori ya madem wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku. Septemba korti ikaruhusu ionyeshwe siku saba. Kumbi zikajaa. Kwa wiki moja, stori ya mapenzi hayo ilikuwa na anwani halali, tikiti na kiti chenye namba. Siku ya nane ikaisha.

Mei 2019 ilikuwa nzito. Tarehe 21 Binyavanga akafariki. Tarehe 24 majaji watatu wa High Court wakasoma uamuzi kuhusu kesi iliyoanzishwa 2016 ya kufuta vifungu 162 na 165. Wakakataa. Sheria ya 1930 ikabaki vile ilivyo.

KORONA NA DARAJA LA CHANIA

Machi 2020 kafyu ikaja, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi. Aprili serikali ikafunga eneo la Nairobi, na mpaka wa upande huu ukawekwa daraja la Chania, hapo hapo Thika. Ukikaa ng'ambo ya Murang'a, huingii. Ukikaa Thika ama Ruiru, hutoki. Kizuizi cha barabara kilidumu mpaka Julai. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 2021.

Kwa usiku wa kawaida hiyo ilikuwa kifo. Kwa usiku wa LGBTQ ilikuwa darasa. Watu ambao wangeenda Nairobi walilazimika kujuana wao kwa wao: kumbe huyu jirani wa Kihunguro, kumbe yule wa Makongeni. Sherehe ya kejani ikawa na kanuni: fika kabla ya kafyu, lala hapo, toka mmoja mmoja asubuhi. Kafyu ikaisha, kanuni zikabaki.

Lakini wengine walinaswa na hiyo kafyu wakiwa nyumba moja na familia isiyowataka. Mlango wenye ufunguo wako ulikuwa na maana zaidi kuliko wakati mwingine wowote.

2023 MPAKA SASA

Januari 2023 mwanamitindo na mwanaharakati Edwin Chiloba alipatikana ameuawa, mwili ukiwa ndani ya sanduku la chuma karibu na Eldoret. Februari 24 Supreme Court, majaji watatu kwa wawili, ikasema shirika la mawakili wa LGBTQ la NGLHRC lina haki ya kusajiliwa, kesi ambayo Eric Gitari alikuwa amepigana tangu 2013. Ilikuwa kuhusu usajili tu. Vifungu vya 1930 havikuguswa. Lakini mitaani watu walisikia "korti imehalalisha ushoga" na moto ukawaka: maandamano, mahubiri, wabunge. George Kaluma wa Homa Bay Town aliomba Supreme Court ibadili mawazo, ikamkatalia Septemba. Akaleta pia mswada wa kuongeza adhabu. Mei mwaka huo Uganda ilikuwa imepitisha sheria mpya yenye hukumu ya kifo kwa makosa fulani.

Ushindi wa kortini ulifanya usiku uwe wa siri zaidi, si wazi zaidi. Wenye baa waliokuwa wamezoea kufumba macho wakaogopa video moja tu ya TikTok. Grupu zikafungwa, zikafunguliwa upya na watu wachache.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya afya. Thika ina historia ndefu kwa hii mambo: ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa Partners PrEP, uliohusisha wanandoa 4,747 wa Kenya na Uganda, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana, na kusaidia kuonyesha dunia kwamba kidonge cha kila siku kinazuia HIV. Kenya ikaanza kutoa PrEP kitaifa Mei 2017. Kliniki ndogo zinazohudumia LGBTQ zilikuwa mahali pa dawa, lakini pia pa wifi, sofa na mtu wa kubonga naye bila kujieleza. Misaada ilipokatwa, nyingi nchini zilifunga milango, na watu wakaambiwa waende hospitali ya serikali wapange foleni na kila mtu. Dawa bado unaweza kupata. Sofa ndio hakuna.

VENYE USIKU UNAFANYA KAZI SASA

Majuu mtu husema "twende mtaa fulani". Hapa mtu husema "twende kwa nani". Base ni watu.

Inaweza kuwa meza moja ndani ya klabu ya kawaida, watu sita wanakunywa kama beshte wengine wote, na baunsa anajua ama hajui. Inaweza kuwa usiku mmoja wa mwezi. Inaweza kuwa keja, ama nyumba iliyokodiwa kwa wikendi, lokesheni ikitumwa dakika za mwisho kwa watu waliothibitishwa na mtu mwingine. Ikichomeka, inahama. Hakuna bango la kung'oa.

Hii ina faida na hasara. Faida ni kwamba renti haiwezi kuiua vile iliua Soho, na karao hawana mlango wa kuvamia. Hasara ni kwamba mgeni hawezi kuipata. Komredi wa mwaka wa kwanza aliyetoka ocha juzi, hana mtu wa kumthibitisha, hana mtu wa kumwambia nani ni mbaya. Ana simu tu.

Na hapo ndio wezi wanamngojea. Stori ni ile ile kila mara: profaili yenye picha safi, maneno matamu kwa siku mbili, "kuja kwangu niko pekee yangu". Ukifika, machali wanne wanaingia, mmoja akijifanya karao. Wanachukua simu, wanafungua M-Pesa, wanakurekodi, halafu wanakuambia ukisema kitu video inaenda kwa mamako. Wengine huendelea kulipa kwa miezi. Mashirika ya haki yamerekodi visa kama hivi miaka mingi, na vingi havifiki kituoni kwa sababu mwathiriwa anaogopa atageuzwa mshukiwa.

Ndio maana hatutaji mahali. Orodha ya "base za mashoga Thika" ingesomwa kwanza na hao machali wanne.

UKIJIPATA KWA MATATA

Hii ni kwako, ama kwa beshte wako.

Ukikamatwa, Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema lazima uambiwe sababu kwa lugha unayoelewa, una haki ya kunyamaza, ya kuongea na wakili, na kupelekwa kortini ndani ya saa 24. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako. Hakuna karao mwenye ruhusa ya kukuvua nguo mbele ya watu; Thika yenyewe imeshaonyesha kortini hilo linaishia wapi.

Usikubali kupimwa kwa nguvu sehemu za siri. Machi 2018 Court of Appeal ya Mombasa ilisema vipimo hivyo vya lazima ni kinyume cha sheria.

Ukitishwa utoe pesa, anayetisha ndiye mhalifu. Weka skrinishoti, meseji za M-Pesa na namba za simu. Ukilipa mara moja, atarudi. Tafuta wakili ama shirika la haki kabla ya kuingia kituoni pekee yako.

Ukikutana na mtu wa apu, mara ya kwanza iwe mchana, mahali pa watu, na beshte mmoja ajue uko wapi na unarudi saa ngapi. Mpigie video kwanza. Mtu anayekataa video na kukusukuma uje usiku kwake, mwachie hapo.

Na kama wewe si LGBTQ ila umesoma mpaka hapa: kuna siku video ya mtu itaingia grupu yenu ya mtaa. Pengine ni jirani wa ghorofa ya tatu, ama mtoto wa kasisi. Kwa sasa kila simu ya Thika na Ruiru ni mlango wa baa, na wewe ndiye baunsa. Ifute, na aliyeituma umwambie akome.